Kipya kinyemi ingawa kidonda: tathmini ya huduma ya kukarabati na kuvisha upya jengo refu la pwani

Makabrasha ya wakandarasi wanaovisha majengo upya yanafanana. Kurasa zote za mbele ni paneli: za fedha, za kijivu, za rangi ya mbao isiyo mbao. Zege limebanwa kwenye aya mbili za mwisho, chini ya maneno "ukarabati mdogo utakapohitajika". Kwa jengo la ghorofa kumi na tano lililopigwa na upepo wa bahari kwa miaka arobaini, hapo mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Paneli ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Kinachoamua kama fedha zimetumika au zimetupwa ni kile kitakachofichwa nyuma yake.

Tunachokipima hapa ni huduma inayouzwa kama kifurushi kimoja: uchunguzi, ukarabati wa zege, kinga ya nondo, fremu, sufi ya kuzuia joto, vizuizi vya moto, paneli na mara nyingi madirisha. Kwa kifupi, ni huduma inayofaa kununuliwa, ila kwa sharti moja: zege lipimwe na lilipiwe peke yake, na paneli ya kwanza isipande kabla ukuta haujakaguliwa na kusainiwa. Mkandarasi anayekataa sharti hilo, mwacheni aende.

Uchunguzi

Nondo ndani ya zege zima haishiki kutu kwa sababu zege lina alikali kali, pH ya 12.5 hadi 13, inayoipa chuma utando mwembamba wa kujikinga. Pwani utando huo una maadui wawili. Hewa ukaa hupenya polepole kutoka nje na kuishusha pH hadi chini ya 9. Kloridi ya chumvi ya bahari haisubiri pH ishuke. Ikishaifikia nondo inatoboa utando huo, kijitundu kimoja kimoja. Kutu ikianza inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma iliyokila, na zege linapasuka kutoka ndani. Kwa hiyo ufa unaouona kwa macho ni habari iliyochelewa.

Ripoti ya uchunguzi inayostahili malipo ina mambo haya. Uso wote umegongwa kwa nyundo, wote kabisa, kwa mafundi wa kamba au jukwaa la kuning'inia. Sehemu iliyoachana inaitikia kama debe tupu. Unene wa zege juu ya nondo umepimwa kwa kifaa cha sumaku. Kemikali ya fenolftaleini imenyunyizwa kwenye zege lililovunjwa muda huohuo: likigeuka waridi, alikali ipo, likibaki na rangi yake, hewa ukaa imeshafika. Vumbi la keekee limekusanywa kwa kina tofauti, kwa mfano milimita 5 hadi 25, 25 hadi 50, na 50 hadi 75, kisha likapimwa kloridi maabara. Kloridi ikivuka asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwenye kina cha nondo, kutu itarajiwe hata kama uso bado ni mzuri. Mwisho ni ramani ya volti kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba: penye usomaji ulio hasi kuliko milivolti -350, uwezekano wa kutu inayoendelea ni zaidi ya asilimia 90. Someni ramani nzima, msishike namba moja, maana zege lililolowa huvuta usomaji upande wa hasi.

Huduma nyingi huanza kuchechemea hapahapa. Sampuli huchukuliwa ghorofa ya chini, upande wa maegesho, kwa kuwa ndipo ngazi inapofika. Chumvi haigawanyiki hivyo. Upande unaotazama bahari hubeba zaidi, na ndani ya upande huo sehemu mbaya kuliko zote ni zile zisizooshwa na mvua: chini ya roshani, juu ya madirisha, ndani ya pembe. Dai sampuli kutoka huko kwa maandishi. Dai pia kuchunguliwa kwa miguu ya reli za roshani. Pale nguzo ya chuma ilipozamishwa kwenye ukingo wa sakafu, maji yameshuka kando yake tangu jengo lilipokabidhiwa, na ukingo huo ndio hudondoka kwanza.

Kitu kimoja kifurushi hiki hakikigusi: sakafu za chini, maegesho ya ndani na eneo la bwawa la kuogelea. Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 lililokuwa Surfside, Florida, liliporomoka kwa sehemu tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya 2018 ilikuwa imeshataja uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa. Paneli mpya za nje hazina la kufanya na tatizo la namna hiyo. Mhandisi wa muundo aajiriwe na wamiliki, asiwe mtu wa mkandarasi, na akague jengo zima hata kama kinacholipiwa ni uso tu.

Kiraka, na kwa nini hupasuka

Kiraka kizuri huanza kwa msumeno wa diski. Kata mstari wa mraba wenye kina cha milimita 10 hivi kuzunguka sehemu mbovu, ukiangalia usiiguse nondo. Ukingo wa kiraka usiwe mwembamba kama wembe, maana udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujazia) ukiwa mwembamba ndio wa kwanza kubanduka. Vunja hadi upite nyuma ya nondo kwa milimita 20 au zaidi, kiasi cha vidole kuzunguka, halafu fuata nondo pande zote mbili mpaka ukute chuma safi, kisha ongeza milimita 50. Kwenye nguzo inayobeba mzigo mhandisi aseme kwanza zifunguliwe ngapi kwa wakati mmoja na wapi pawekwe mihimili ya muda. Fundi mwenye nyundo ya umeme na malipo ya mita za mraba hana sababu ya kusimama mwenyewe.

Nondo isafishwe kwa kupuliziwa mchanga. Brashi ya waya huing'arisha kutu bila kuitoa. Angalia kwa karibu: chuma kilicholiwa na kloridi kina vishimo vidogo, na saa chache baada ya kusafishwa vinaonekana kama vidoa vyeusi vyenye majimaji. Hiyo ni chumvi iliyobaki shimoni. Osha kwa presha ya maji yasiyo na chumvi, piga mchanga tena. Baada ya hapo pima kipenyo. Nondo ya milimita 16 iliyobaki na 14 inaonekana kama imepungua kidogo tu, lakini eneo lake limepotea kwa asilimia 23, na hapo mhandisi kwa kawaida ataagiza nondo ya nyongeza.

Udongo wa kiraka huuzwa kwa madaraja ya kiwango cha Ulaya EN 1504, kuanzia R1 hadi R4. R4 hubeba mkandamizo wa angalau MPa (megapaskali) 45 na kushika kwa MPa 2.0, R3 ni 25 na 1.5. Wauzaji hupenda kuuza R4 kila mahali. Kwenye nguzo na mihimili sawa. Kwenye ukuta wa zege la zamani lenye nguvu ya wastani, R3 mara nyingi ndiyo inayofaa, kwa sababu kiraka kigumu kuliko jirani yake kikinywea humvuta jirani akapasuka. Zege linyweshwe maji hadi lishibe, uso ukauke kidogo usiwe na dimbwi, rojo ya kushikisha isuguliwe kwa brashi, kisha udongo usindikwe nyuma ya nondo kabla ya kujaza mbele. Wengi hujaza mbele tu, na nyuma ya nondo hubaki pango. Funika kwa magunia mabichi na nailoni kwa siku kadhaa; upepo wa pwani hukausha kiraka kwa saa chache na kukiachia nyufa za utando wa buibui.

Ugonjwa wa viraka vya pwani una tabia yake. Kiraka kinabaki kizima, pembeni yake panaoza. Sababu ni ya kiumeme. Sehemu iliyokuwa inaliwa ilikuwa ikijitoa mhanga na kuwalinda majirani zake waliomo kwenye zege hilohilo lenye chumvi. Ukishaitibu, ulinzi umeondoka, na baada ya miaka michache pete ya kutu inajichora kuzunguka kazi yako. Anayetoa dhamana ndefu ya viraka bila kulitaja jambo hili ama halijui ama anajua dhamana haitadaiwa.

Dawa ndogo ni vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo ndani ya kiraka, karibu na ukingo, kwa nafasi ya milimita 300 hadi 600 kulingana na wingi wa nondo. Zinki inaliwa badala ya chuma. Tunazipa alama nzuri ikiwa tu muunganisho na nondo umepimwa kwa mita ya umeme na usomaji uko chini ya omu 1, na nondo ya hapo haikupakwa epoksi inayokata mkondo. Tumeorodhesha hivyo kwa sababu makosa yote mawili hutokea sana: zinki imefungwa kwa waya juu ya kutu, au imefungwa vizuri kisha ikapakwa pamoja na nondo.

Dawa kubwa ni mkondo wa umeme wa kudumu kupitia wavu au riboni za titani zilizozamishwa kwenye uso. Inafanya kazi kweli, hata kwenye zege lililojaa kloridi ambalo vinginevyo lingelazimika kuvunjwa lote. Ukaguzi wake unajulikana: mkondo ukizimwa, volti ya nondo ishuke kwa angalau milivolti 100 ndani ya saa 24. Lakini ni mtambo, unataka mtu wa kuuangalia miaka yote. Na unagombana na paneli. Bolti ya breketi ikigusa titani upande mmoja na nondo upande wa pili, umeme unapita njia fupi na eneo zima linabaki bila kinga. Kwa hiyo mchoro wa breketi ufuate ramani ya nondo na titani, wala usianze na mpangilio wa paneli. Usipoyaona hayo kwenye zabuni, wataalamu hao wawili hawajawahi kukaa meza moja.

Baada ya viraka, ukuta wote upakwe rangi ya kuzuia hewa ukaa inayoruhusu mvuke kutoka. Kiwango ni upinzani unaolingana na zaidi ya mita 50 za hewa kwa hewa ukaa, na chini ya mita 5 kwa mvuke. Wakandarasi hupenda kuiruka kwa hoja kwamba paneli zitafunika. Ni hoja ya hovyo. Nyuma ya paneli kuna uwazi unaopitisha hewa, na hewa hiyo ni ileile ya bahari. Inaleta chumvi, na mvua haifiki kuiosha. Ukuta uliofunikwa bila rangi unakuwa kama chini ya roshani, kwa jengo zima.

Fremu

Breketi na reli huwa za alumini, bolti na skrubu za chuma cha pua. Pwani chuma cha pua kiwe daraja A4, yaani 316. A2 inang'aa vilevile siku ya kukabidhiwa na huanza machozi ya kahawia mapema mno. Kati ya breketi na zege pawe na pedi ya plastiki inayokata joto na kuzuia zege lenye alikali lisile alumini.

Nanga, yaani bolti zinazoshika breketi kwenye zege, zijaribiwe kwenye jengo lenyewe, kila upande, kwenye zege la zamani na kwenye kiraka. Usikubali jedwali la mtengenezaji linalotumia zege jipya. Mzigo wenyewe si uzito wa paneli bali upepo unaozivuta nje. Upepo wa mita 50 kwa sekunde una presha ya takriban kilonewton 1.5 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 150, na kwenye pembe za jengo mvuto ni mkubwa kwa nusu zaidi kuliko katikati ya ukuta. Mchoro wenye nafasi sawa za breketi kutoka pembe hadi pembe haujahesabiwa.

Halafu joto. Reli ya alumini ya mita 3 ikipanda nyuzi 60 inarefuka milimita 4 na kidogo. Kila reli iwe na nukta moja iliyokazwa na nyingine zote zenye tundu refu la kuteleza. Kila paneli vivyo hivyo. Riveti za kuteleza hupigwa kwa mdomo maalumu wa bunduki unaoacha upenyo wa milimita 0.3 hivi. Mdomo huo ukipotea, na hupotea, fundi anaendelea na wa kawaida, na wakazi wanaanza kusikia ukuta ukigonga jua linapotoka. Baadaye matundu yanapasuka.

Paneli zenyewe

Paneli za alumini mbili nyembamba zenye plastiki katikati hazipewi alama hata moja. Moto wa Grenfell Tower, London, tarehe 14 Juni 2017, uliua watu 72, na paneli za aina hiyo zilikuwa njia kuu ya moto kupanda. England ilipiga marufuku vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za makazi mapya yanayozidi mita 18 kuanzia Desemba 2018. Ukiambiwa kiini "kinapunguza moto", uliza daraja la moto la Ulaya. Chini ya A2-s1,d0 (kuwaka kidogo mno, moshi mdogo, bila matone ya moto) usiendelee na mazungumzo, na cheti kiwe cha ukuta mzima kama utakavyojengwa, kisiwe cha paneli pekee.

Zenye kiini cha madini cha A2: 6 kati ya 10. Ni nyepesi na zimenyooka vizuri, lakini ukingo uliokatwa unaacha alumini tupu, na pwani kutu nyembamba kama uzi hutambaa chini ya rangi kuanzia hapo.

Alumini nzima ya milimita 3: 9. Uzito wake ni kilo 8.1 kwa mita ya mraba, hakuna kiini cha kuachana. Rangi ya unga iwe juu ya matayarisho ya daraja la pwani ambamo angalau gramu 2 za uso kwa mita ya mraba zimelika kwa kemikali kabla ya kupakwa; ukichagua anodi, yaani utando wa oksidi uliokuzwa kwa umeme badala ya rangi, mikroni 25. Makato yote yafanyike kiwandani.

Bodi za saruji na nyuzi, milimita 8: 8. Hazishiki kutu, haziwaki kwa maana yoyote ya kutisha, na zina uzito wa kilo 15 hivi. Hupasuka pembeni zikitobolewa karibu mno na ukingo, na ghorofa ya chini hazivumilii mipira na baiskeli. Huko wekeni kitu kinene zaidi. Vigae vya udongo wa kuchoma vinadumu kuliko vyote, ila ukuta wenye zege lililochoka huenda usivibebe: ni kilo 30 na kuendelea. Lipu nyembamba juu ya sufi ni rahisi kwa bei, na hatuipendekezi kwa ukuta wenye chumvi, kwani haina uwazi wa kukausha na inashikilia unyevu palepale. Laminate za karatasi na resini, hapana.

Sufi iwe ya mawe, daraja A1, yaani isiyowaka kabisa. Povu huzuia joto vizuri zaidi kwa unene mdogo, lakini kwenye jengo refu hilo si la kujadili. Vizuizi vya moto ndivyo vinavyoharibiwa zaidi kwenye kazi nzima. Kila sakafu pawe na kizuizi cha mlalo kinachoacha upenyo wa hewa wa takriban milimita 25 na kuvimba kuuziba kwa joto. Vinakutwa vimegeuzwa, utepe wa kuvimba ukitazama ukuta. Vinakutwa vimeshikwa kwa msumari mmoja badala ya vyuma viwili au zaidi. Vinakutwa vimekatwa reli ilipopita na tundu kuachwa. Kila kizuizi kipigwe picha yenye namba ya ghorofa na mhimili kabla hakijafunikwa.

Madirisha yabadilishwe kwenye jukwaa hilohilo, kabla ya reli, na utando wa mpira uunganishwe na ukuta. Kuyaacha kwa baadaye ni kulipia jukwaa mara mbili.

Mkataba

Kiasi cha zege bovu hakijulikani mpaka nyundo ifike kila mahali. Bei moja ya jumla kwa ukarabati ni kumwalika mkandarasi afunge macho. Walipwe kwa lita za udongo uliojazwa: kiraka cha milimita 500 kwa 300 kwa 60 ni lita 9, mtu yeyote anaweza kukihakiki kwa futi. Kila kiraka kipewe namba na picha tatu: kilipovunjwa, nondo iliposafishwa, kilipojazwa. Wekeni pia akiba ya kutosha, kwa kuwa kipimo cha jukwaani karibu kila mara huzidi cha kamba.

Usimamizi uwe na vituo vitatu ambapo kazi inasimama mpaka mhandisi asaini: baada ya kuvunja, baada ya rangi, baada ya vizuizi vya moto. Kingine cha kudai ni paneli chache kila upande zilizofungwa kwa skrubu badala ya riveti, ili miaka kumi baadaye mtu afungue na kuchungulia zege bila kuharibu kitu. Ni nyongeza ndogo, na ndiyo inayotofautisha mkandarasi anayeiamini kazi yake.

Paneli za akiba zitoke kwenye mchanganyiko uleule wa rangi. Na kabla jukwaa halijashuka, angalieni kama kuna bomba la maji yasiyo na chumvi juu ya paa. Dhamana nyingi za rangi pwani hutaka paneli zioshwe kila miezi mitatu hadi sita kwa maji na sabuni laini, pamoja na zile za chini ya roshani, na kumbukumbu iandikwe. Jengo lisilo na bomba juu halioshwi, na mwaka wa tano dhamana hiyo ni karatasi.